Darasa kuukuu: tukarabati au tubomoe? Mwongozo kwa kamati za shule

Kuna shule moja ya msingi juu ya mji wa Moshi ambako kamati yetu iliwahi kukaa saa tatu nzima ikijadili jengo la vyumba viwili. Ufa ulishuka kutoka kona ya dirisha mpaka sakafuni, kidole cha mwisho kinaingia. Nusu yetu tulishakata shauri: livunjwe. Tulipotoka nje kunyoosha miguu, mzee jirani ambaye kihamba chake, yaani shamba la nyumbani, kinapakana na shule akatuita nyuma ya jengo. Tukamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Wanangu, mnauliza ukuta una nini. Ulizeni kwanza haya maji yanatoka wapi."

Mfongo, yaani mfereji wa maji ya kumwagilia mashamba, unaopita juu ya shule ulikuwa umepasuka ukingo, na maji yalikuwa yakipenya chini kwa chini hadi kwenye kona ile ile ya jengo. Tuliziba mfongo, tukachimba mtaro nyuma ya ukuta, tukasubiri masika mbili. Ufa haukuongezeka hata unene wa kucha. Jengo lina watoto hadi leo.

Naandika kwa ajili ya wajumbe wa kamati za shule, walimu wakuu na wenyeviti wa vijiji na mitaa wa Kilimanjaro na Arusha. Kazi ya mhandisi wa halmashauri ibaki kwake. Ila kamati ikienda kwake na daftari lenye vipimo na tarehe, inasikilizwa tofauti na kamati inayokwenda na kilio.

Hatua ya 1: Funga kwanza, jadili baadaye

Ukuta ukiwa umeinama kwa macho, kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) ikiwa imekatika, au lenta (mkanda wa zege wenye nondo) juu ya mlango ikiwa imefunguka mpaka nondo zinaonekana, chumba hicho kifungwe leo. Mwalimu mkuu anayo mamlaka ya kuhamisha darasa lake chini ya mti wakati barua inaandikwa. Andikeni tarehe mliyofunga, nakala iende kwa mtendaji wa kata na kwa afisa elimu.

Hatua ya 2: Jua jengo lilizaliwa lini

Umri wa jengo unakueleza pa kutafuta ugonjwa wake. Shule zetu, kwa sehemu kubwa, ni za vizazi vitatu.

Kizazi cha kwanza ni majengo ya misheni, ya Walutheri na Wakatoliki, ambayo yaliingia mikononi mwa umma baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Mengi yana kuta nene za mawe, na mawe yake yameunganishwa kwa chokaa au udongo. Kenchi zake mara nyingi ni za mbao ngumu, na ukibahatika utakuta mkulo, ambao mchwa anaupita mbali. Kosa linalofanyika hapa ni kuupiga plasta ya simenti ukuta uliozoea kupumua. Unyevu uliokuwa ukitoka taratibu kupitia chokaa unanaswa ndani, na baada ya miaka michache plasta inadondoka vipande vipande ikibomoa na uso wa ukuta. Watu wanasema ukuta umechoka, kumbe umekabwa.

Kizazi cha pili ni cha miaka ya 1970, baada ya Azimio la Musoma la 1974, taifa lilipoamua kila mtoto aingie darasa la kwanza. Wananchi walijenga kwa mikono yao, haraka, kwa kilichopatikana. Ari ilikuwa kubwa, simenti ilikuwa haba. Utakuta msingi wa kina cha jembe moja, tofali za udongo zilizofunikwa kwa plasta nyembamba, na pengine hakuna lenta kabisa. Haya ndiyo yanayostahili kuvunjwa mara nyingi zaidi, ingawa roho inauma kwa sababu babu zetu walibeba yale mawe kichwani.

Kizazi cha tatu ni madarasa ya MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza 2002. Ni ya tofali za saruji na bati, yenye umri wa miaka ishirini na kidogo. Watu hushangaa nikisema baadhi yake yana hali mbaya kuliko ya misheni, lakini ndivyo yalivyo. Mfuko mmoja wa simenti ukitoa tofali nyingi kupita kiasi, mchanga unabaki mchanga.

Wazee wa kijiji ndio kumbukumbu yenu. Waulizeni nani alikuwa fundi, mawe yalitoka wapi, palikuwa na nini hapo kabla ya shule. Nimewahi kuambiwa, "Hapo palikuwa na shimo la kuchimba udongo wa tofali." Sentensi hiyo moja ilieleza sakafu iliyokuwa ikizama kila mwaka.

Hatua ya 3: Fuata maji

Hapa ndipo mtumie muda wenu mwingi. Chukueni hesabu rahisi: jengo la vyumba viwili lenye paa la mita za mraba 150. Mvua ya milimita 30, ambayo masika inaweza kuimwaga kwa alasiri moja, inaangusha lita 4,500 juu ya paa hilo. Bila gata, nusu ya maji hayo inadondoka kwenye mstari mmoja mbele ya ukuta na nusu nyingine nyuma. Rudia hivyo miaka arobaini. Ndiyo maana unaona mfereji uliochimbwa na matone pembeni mwa darasa, na mawe ya msingi yamebaki wazi kama meno.

Nendeni shuleni mvua ikinyesha, na miavuli yenu. Simameni kila kona muangalie. Maji ya paa yanaangukia wapi? Ya uwanjani yanakimbilia wapi? Kwenye mteremko wa mlima, kama Kibosho, Marangu au Old Moshi, angalieni upande wa juu wa jengo, kwa sababu huko ndiko maji yanakogonga ukuta. Tazameni pia mfongo, njia ya ng'ombe, na barabara mpya iliyoinuliwa ambayo siku hizi inamwagia shule maji yake yote.

Tambarare ya chini, kuelekea Kahe na Arusha Chini, tatizo hubadilika. Huko ardhi ina chumvi. Mstari mweupe kama unga unaopanda ukutani mpaka usawa wa goti ni chumvi iliyobebwa na unyevu kutoka chini. Kupaka rangi juu yake ni kutupa hela; msimu unaofuata rangi inavimba na kuanguka.

Kabla ya kupiga kura ya kubomoa, rekebisheni maji kwanza. Gata, mtaro wenye mteremko, na jamvi jembamba la zege kuzunguka jengo ni gharama ndogo ukilinganisha na darasa jipya. Na mkija kubomoa baadaye, hamjapoteza: jengo jipya litahitaji mtaro ule ule.

Hatua ya 4: Soma nyufa

Si kila ufa ni habari mbaya. Nyufa nyembamba kama unywele, zilizotapakaa kama utando wa buibui, ni za plasta tu. Gongeni kwa kifundo cha kidole: ikilia kama debe tupu, plasta imeachana na ukuta, na dawa yake ni kuibandua na kupiga nyingine. Wa kuhofiwa ni ufa unaokwenda mshazari kutoka kona ya dirisha au mlango, unaopita kwenye tofali zenyewe, na unaoonekana ndani na nje mahali pamoja. Huo ni msingi unaosema.

Swali la maana ni kama ufa umekufa au uko hai. Pakeni kiraka kidogo cha plasta laini kuvuka ufa, ukubwa wa kiganja, mkiandike tarehe kwa msumari kabla hakijakauka. Wekeni viwili au vitatu kwa kila ufa. Kikikatika, ufa uko hai. Pimeni kila mwezi kwa rula, mwalimu wa hisabati akiwatumia watoto wa darasa la sita. Nimeona watoto wakifanya kazi hiyo kwa umakini kuliko mjumbe yeyote wa kamati.

Subirini mzunguko mzima wa mwaka, masika na kiangazi. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ufa hufunguka wakati wa kiangazi na kujifunga wakati wa mvua, kwa kuwa udongo wenyewe unavimba na kunywea. Ufa wa namna hiyo hauzibiki kwa simenti. Jengo jipya hapo hapo, likiwa na msingi wa kawaida, litapasuka vile vile. Ukiona ufa unaoongezeka tu bila kurudi nyuma, upande mmoja wa jengo unazama.

Hatua ya 5: Chimba uone msingi

Kamati nyingi zinaruka hatua hii, na ndiyo inayoamua karibu kila kitu. Wakati wa kiangazi, fundi achimbe shimo moja jembamba kando ya kona yenye ufa, na jingine kwenye kona nzima, ashuke mpaka aone mwisho wa msingi. Pimeni kina, piga picha, jaza udongo siku hiyo hiyo na kuushindilia. Mashimo mawili yanatosha. Mkichimba kuzunguka jengo zima mtaliangusha wenyewe.

Chokonoeni muungano wa mawe kwa bisibisi. Ukimwagika kama sukari, andikeni. Ukigoma, andikeni pia. Kisha fundi ashushe timazi kutoka juu ya ukuta, na avute mpira wa maji kutoka kona hadi kona kuona kama lenta bado iko sawa. Zana hizi kila fundi wa kijiji anazo.

Hapa nikiri kosa letu. Shule nyingine, miaka michache baada ya ile ya mfongo, tulipata mfadhili mwenye haraka. Tuliezeka bati jipya la geji 28, tukapaka rangi nzuri ya bluu na njano, tukapiga picha. Msingi hatukuuchimba kuuona. Masika ya pili ukuta wa nyuma ulianza kuondoka, na bati lile zuri ikabidi lishushwe, likiwa na matundu ya misumari. Hela ya paa ilikwenda, na bado jengo likavunjwa.

Hatua ya 6: Panda juu

Ingieni darini. Dari ndiyo inayoficha aibu zote za paa. Choma mbao kwa bisibisi, hasa pale kenchi zinapokalia ukuta, kwa sababu hapo ndipo unyevu na mchwa hukutana. Mbao iliyobunguliwa inatoa unga na bisibisi inazama. Ikiwa ni kenchi mbili au tatu kati ya kumi, badilisheni hizo. Zikiwa nyingi, paa lote lishuke, lakini paa kuoza halimaanishi ukuta umeoza. Paa ni kofia.

Angalieni kama kuna mkanda wa lenta unaozunguka jengo lote, na kama kenchi zimefungwa kwenye ukuta kwa waya au nondo. Tunaishi kando ya bonde la ufa. Julai 2007 ardhi ilitikisika vibaya upande wa Gelai na Ol Doinyo Lengai, na Arusha mjini watu waliusikia mtikisiko. Bukoba, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko liliharibu shule, zikiwemo sekondari za Ihungo na Nyakato. Jengo la tofali lisilo na lenta ya kuzunguka, hata likiwa halina ufa hata mmoja, lina alama kubwa upande wa kubomoa.

Kama paa ni la zile shiti nzito za kijivu zenye mawimbi, za zamani, huenda ni asbesto. Msizivunje, msizikate kwa msumeno, watoto wasizichezee, na maji yake msiyakinge. Vumbi lake huharibu mapafu, na madhara hujitokeza miaka mingi baadaye. Kuziondoa ni kazi ya watu wenye vifaa, na taka zake zinahesabiwa kuwa hatarishi, kwa hiyo halmashauri iwasiliane na chombo cha taifa cha kusimamia mazingira (NEMC) kabla mtu hajapanda ngazi.

Nyongeza kwa wenzetu wa Arumeru, hasa kuzunguka Maji ya Chai na Ngarenanyuki ambako maji ya ardhini yana floridi nyingi inayochafua meno ya watoto: mkibadilisha paa, wekeni gata na tenki katika makisio yale yale. Maji ya mvua hayana floridi hiyo. Tenki likiachwa "awamu ya pili", awamu ya pili haiji.

Hatua ya 7: Hesabu watoto kabla ya hela

Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, Mkoa wa Arusha ulitoka watu karibu milioni 1.7 hadi zaidi ya milioni 2.3. Kilimanjaro ilitoka milioni 1.6 hadi karibu milioni 1.9. Hali hizo mbili haziwezi kuwa na jibu moja. Pembezoni mwa Jiji la Arusha, shule yenye watoto 100 chumba kimoja haina anasa ya kubomoa kabla ya kuongeza. Vijiji vya juu mlimani, ambako vijana wameshuka mjini, utakuta chumba kimegeuzwa stoo ya madawati mabovu. Hapo inawezekana jengo bovu livunjwe na lisijengwe jingine, na fedha ikarabati yaliyobaki.

Kigezo cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa la msingi. Chukueni daftari la mahudhurio la miaka mitano, muone namba inaelekea wapi.

Vyoo nitavisema kwa kifupi. Tundu 1 kwa wasichana 20, tundu 1 kwa wavulana 25. Shimo likishajaa au kingo zikianza kumomonyoka, hakuna ukarabati, chimbeni jipya.

Hatua ya 8: Sasa hela

Mwaka 2021 serikali ilipojenga madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa IMF, kila darasa lilipangiwa shilingi milioni 20. Msitumie namba hiyo leo bila kuuliza bei za leo dukani.

Kule Ohio, Marekani, wamekuwa na kanuni maarufu: ukarabati ukizidi theluthi mbili ya gharama ya kujenga upya, jenga upya. Ni rahisi kukumbuka, lakini imelalamikiwa huko huko kwamba inayahukumu majengo mazuri ya zamani. Mimi naipendelea hesabu ya miaka. Tuseme, kwa mfano tu, darasa jipya ni milioni 26, na kubomoa pamoja na kusomba kifusi ni milioni 2. Jumla 28. Likidumu miaka 40, ni shilingi 700,000 kwa mwaka. Ukarabati ni milioni 12, haufiki hata nusu, na kanuni ya Ohio ingesema karabati. Lakini kama msingi ni dhaifu na ukarabati utadumu miaka 15, unalipa 800,000 kwa mwaka. Umepata hasara kwa kubana. Msingi ukiwa imara na ukarabati ukadumu miaka 25, ni 480,000 kwa mwaka, na hapo ukarabati unashinda bila ubishi.

Mnaona kilichoamua? Lile shimo la hatua ya 5.

Hatua ya 9: Karatasi

Jengo la umma haliangushwi kwa kura ya mkutano wa wazazi. Muhtasari wa kamati ya shule uende serikali ya kijiji au mtaa, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kwa mkurugenzi wa halmashauri, na mhandisi aje aandike taarifa yake. Mwambieni mhandisi aandike makisio mawili, la kukarabati na la kujenga. Akija na moja tu, ombeni la pili kwa heshima, na kwa maandishi.

Hakikisheni pia eneo ni la nani. Shule za misheni ya zamani, baadhi zipo kwenye ardhi ambayo kanisa bado linaidai, na mlimani nafasi ya kujenga pembeni haipo; mipaka ni vihamba vya watu. Mgogoro wa mpaka ukianza baada ya zege kumwagwa, wanaoumia ni watoto.

Kama kazi itafanyika kwa fosi akaunti, yaani shule yenyewe kununua vifaa na kuajiri fundi badala ya mkandarasi, mtakuwa na kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Ya mapokezi ndiyo wekeni watu wagumu: anayehesabu mifuko ya simenti mmoja mmoja, anayejua kwamba bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28 na hakubali kuambiwa "ni sawa tu, mama". Michango ya wazazi ibaki ya hiari na yenye kibali. Tangu 2016 elimu haina ada, na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu ya tofali.

Hatua ya 10: Kalenda, na watoto wakae wapi

Mwaka wa fedha wa serikali unaisha 30 Juni. Mvua za masika ni Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba. Msingi uchimbwe baada ya masika, Juni, na kenchi ziwe juu kabla ya vuli. Atakayewaambia mpaue Aprili, mwulizeni yeye atalala wapi siku hiyo.

Zege linamwagiwa maji angalau siku 7, na nguvu yake kamili ya kuhesabiwa ni siku 28. Fundi anayefungua mbao za lenta siku ya tatu kwa sababu anazihitaji kwenye kazi nyingine, msimlipe awamu inayofuata.

Na kabla ya nyundo ya kwanza, andikeni orodha ya darasa gani linahamia wapi, zamu ya asubuhi na ya mchana, nani anashika funguo, na kamba ya kuzuia watoto itapita wapi. Mbao, bati na mawe ya jengo la zamani viandikwe kwenye leja kipande kwa kipande kabla havijatoka getini. Mawe ya misheni yanafaa sana kwa msingi wa vyoo, na mbao za mkulo zikipigwa randa zinatoa madawati ambayo mtatafuta fundi wa kuyavunja msimpate.

Jengo likishasimama, au likishakarabatiwa, wekeni tarehe ya kwanza ya ukaguzi: mvua kubwa ya kwanza ya masika. Nendeni na miavuli, msimame kwenye kona zile zile.